Cheti cha Korosho, Beji Msumarini

Mkulima wa Tandahimba anajua bei ya salfa, anajua makato ya chama cha msingi, anajua mnada wa wiki hii umefika shilingi ngapi na wa wiki iliyopita uliishia wapi. Asichokijua ni kwamba korosho zake zinapimwa mionzi kabla ya kusafirishwa kwenda nje. Mimi ni wakala wa forodha hapa Mtwara, na katika lile furushi la karatasi linaloongozana na mzigo, pamoja na cheti cha usafi wa mimea na cheti cha uasilia, kipo pia cheti cha mionzi. Ukimweleza mkulima anacheka. "Mionzi gani tena kwenye korosho? Sisi bomu tumelitoa wapi?"

Swali la haki kabisa. Jibu lake liko mbali na Tandahimba: Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kule Ukraine kilipolipuka na upepo ukasambaza seziamu-137, aina ya seziamu yenye mionzi, juu ya mashamba ya nusu ya Ulaya. Mwaka huohuo Jumuiya ya Ulaya ikaweka ukomo kwa chakula kinachoingia kwao: bekereli 370 kwa kilo kwa maziwa na vyakula vya watoto wachanga, 600 kwa vyakula vingine. Bekereli moja ni chembe moja ya atomi inayopasuka kwa sekunde. Nchi moja baada ya nyingine ikawa na ukomo wake, na biashara ya chakula duniani ikazoea karatasi ya kuthibitisha kwamba mzigo ni safi. Kwetu kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kurithi Tume ya Taifa ya Mionzi ya mwaka 1983. Inapima vinavyotoka na vinavyoingia, maana na sisi hatutaki kuletewa maziwa ya unga yaliyokataliwa kwingine.

Kinachochekesha ni kwamba korosho zina mionzi yake zenyewe. Kilo moja ya korosho zilizobanguliwa ina bekereli kama 200 za potasiamu-40, ambayo haikuletwa na bomu wala kinu, imo ardhini tangu dunia iwe dunia. Wewe unayesoma hapa una zaidi ya bekereli 4,000 za hiyohiyo mwilini mwako na umelala nazo jana usiku. Mpimaji haitafuti hiyo. Anatafuta seziamu, na kipimo chake kinazitofautisha kwa nguvu ya mwale wa kila moja.

Ukifika hapo unakutana na jambo lililonifanya nianze kusoma habari hizi. Mfuko uleule wa korosho, wenye seziamu ileile, unaweza kuwa halali bandari moja na haramu bandari nyingine. Kiwango cha kimataifa cha Codex, tume ya viwango vya chakula ya Umoja wa Mataifa, kwa seziamu-137 ni bekereli 1,000 kwa kilo. Wajapani, baada ya ajali ya kinu cha Fukushima ya Machi 2011, walianza na 500 kwa vyakula vingi, kisha Aprili 2012 wakashusha hadi 100. Tumbo la Mjapani halina udhaifu mara kumi kuliko letu. Tofauti imo kwenye dhana. Codex inachukulia kwamba sehemu moja ya kumi tu ya chakula cha mtu ndiyo imechafuka, kwa kuwa kinatoka nje. Japani walichukulia kwamba nusu ya chakula chao imechafuka, maana shamba lililochafuka lilikuwa la nyumbani. Pande zote mbili zinalenga milisiverti 1 kwa mwaka kwa mlaji; siverti hupima dozi ya mionzi anayoipata mtu, na milisiverti ni sehemu yake moja ya elfu. Badilisha dhana, namba inabadilika, na hakuna aliyedanganya.

Hata hiyo milisiverti 1 ina historia yake. Kamisheni ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, ndiyo inayopendekeza viwango ambavyo nchi nyingi, yetu ikiwamo, huviingiza kwenye kanuni. Mwaka 1977 mwananchi wa kawaida aliwekewa ukomo wa milisiverti 5 kwa mwaka na mfanyakazi wa mionzi 50. Mahesabu ya manusura wa Hiroshima na Nagasaki yalipopigwa upya miaka ya 1980, ikaonekana hatari ya saratani ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mapendekezo ya 1990 yakashusha mwananchi hadi 1 na mfanyakazi hadi wastani wa 20. Ardhi, anga na chakula vinatupa wastani wa kama milisiverti 2.4 kwa mwaka hata tusipogusa mashine yoyote, na ukomo huo unahusu kinachoongezwa na binadamu mwenzako juu ya hapo. Mgonjwa naye hana ukomo. Kwake sharti ni kwamba picha iwe na sababu na dozi isizidi inayohitajika.

Chini ya ukomo kuna amri nyingine: shusha dozi kadiri inavyowezekana, kwa kuzingatia hali ya uchumi na ya jamii. Hapo ndipo hela inapopatia mlango. Ikikubalika kwamba hata dozi ndogo ina hatari ndogo, na ndivyo viwango vyote vinavyochukulia, basi kila ukuta mnene zaidi unaokoa mtu fulani mahali fulani, na kila ukuta una bei. Lazima mtu aseme tunasimama wapi.

Wamarekani walilisema waziwazi. Mwaka 1975 tume yao ya kudhibiti nyuklia ilipanga kwamba kumwepusha mtu mmoja na rem moja, yaani milisiverti 10, kunastahili kugharimiwa dola 1,000. Mwaka 1995 wakapandisha hadi 2,000, na njia waliyopitia inasomeka: walichukua thamani ya maisha ya mtu kitakwimu, dola milioni 3, wakazidisha kwa uwezekano wa rem moja kuleta madhara. Ukisoma mara ya kwanza damu inasisimka. Mtu anapangiwa bei! Ila mimi nimekaa na karatasi za forodha muda wa kutosha kujua kwamba bei iliyoandikwa ni afadhali kuliko isiyoandikwa. Iliyoandikwa unaweza kuibishia.

Chukua watu 1,000 wa Shangani ya hapa Mtwara, kila mmoja apate milisiverti 1. Kwa jumla ni siverti moja ya pamoja. Kwa makadirio ya ICRP ya asilimia 5 kwa siverti, ukiwapa watu 20,000 dozi hiyo unatarajia kifo kimoja cha saratani, huko mbele, bila kujua cha nani. Kwa bei ya Marekani ya 1995, kuwakinga watu wetu 1,000 kunastahili dola 200,000.

Lakini bei hiyo imejengwa juu ya kipato cha wenyewe. Peleka fomula ileile mahali ambapo watu wanaishi kwa msimu mmoja wa korosho na uvuvi wa Mikindani, bei inaporomoka, na ukuta unaoruhusiwa unakuwa mwembamba. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ambalo Tanzania ni mwanachama tangu 1976, liliona mtego huo. Mwaka 1985 lilitoa mwongozo kuhusu mionzi inayovuka mpaka: nchi inayochafua isimthamini jirani chini ya inavyowathamini watu wake, na kwa vyovyote isishuke chini ya dola 3,000 kwa siverti moja ya pamoja. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo naipenda sana. Nusu ya pili nimeirudia mara kadhaa. Sakafu ya dola 3,000, wakati Wamarekani, kwa ile 1,000 yao kwa rem, walishakuwa kwenye 100,000 kwa siverti tangu 1975. Zaidi ya mara thelathini. Seli za damu za mtoto wa Newala hazisomi kipato cha taifa.

Msimamo wangu katika makala hii nzima ndio huo, na nautanguliza ili usinitafute mwishoni: kiwango cha usalama ni bei, na kabla ya kuuliza kama ni kali au legevu uliza nani analipa na nani anapigwa na mionzi. Cheti cha korosho kinamlinda mlaji wa nje dhidi ya seziamu ambayo shamba la Tandahimba halikuitengeneza, na gharama yoyote inayowekwa kwenye mnyororo ule mwishowe humshukia aliye chini kabisa, anayekatwa bila kuandikiwa sababu. Sisemi kipimo kifutwe. Mzigo mmoja ukirudishwa kwa kukosa karatasi, msimu mzima unatetereka. Nasema mlipaji ajue anachokilipia.

Sasa tuingie ndani, maana hapa mjini mionzi inayowagusa watu kila siku haitoki Chernobyl. Inatoka chumba cha eksirei.

Nilimpeleka shangazi yangu, mama mtu mzima kutoka Newala, kupiga picha ya kifua kwenye kituo kimoja cha tiba ambacho sitakitaja. Mpiga picha alikuwa kijana mstaarabu, alimwamkia shangazi vizuri, "Shikamoo mama," akampa kiti. Shangazi hakuweza kusimama wima peke yake, nikaambiwa nibaki nimshike. Aproni ya risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi, ilikuwapo, imekunjwa mara nne juu ya kabati kama shuka. Aproni ya namna hiyo haikunjwi, hutundikwa, kwa sababu ile safu ya risasi ndani hupasuka kwenye mikunjo na mpasuko hauuoni kwa nje. Nikaikunjua nikaivaa. Mlango ulikuwa nusu wazi, na kwenye benchi la nje, hatua chache, alikaa mama mjamzito na foleni yake. Nikaomba ufungwe, ukafungwa mara moja bila kinyongo. Hakuna aliyekuwa amekataa. Hakuna aliyekuwa amefikiria.

Nilipokuwa nangoja picha nikaona beji yake. Ni kile kipande cha plastiki cha kuvaa kifuani, ndani yake kuna kipima mionzi kinachokusanywa baada ya miezi kadhaa kupelekwa maabara kusomwa. Ilining'inia kwenye msumari nyuma ya kioo cha kinga, mahali salama kuliko pote chumbani.

"Kaka, hiyo si ya kuvaa?"

Akatabasamu. "Ya kuvaa, mzee. Ila ikisoma juu nitaambiwa nipumzike nje ya chumba. Na posho itapumzika na mimi."

Niseme ukweli wa vipimo, nisije nikatia watu hofu ya bure. Dozi niliyopata mimi kwa kumshika shangazi ni ndogo mno, na yake kwa picha moja ya kifua ni chini ya milisiverti 0.1, ambayo ardhi inampa ndani ya wiki mbili hivi. Anayepaswa kuhofiwa ni kijana yule, anayerudia tendo hilo kutwa nzima mwaka hadi mwaka, na beji yake inaripoti afya ya msumari. Huko juu wenye kamati watasoma wastani wa wafanyakazi wa mionzi nchini na kuona mambo ni shwari. Posho ambayo haikupangwa vizuri imeharibu takwimu.

Angalia pia ni vitu gani vilikosekana pale. Kufunga mlango hakuna bei. Kutundika aproni kunahitaji henga. Kubana mwale uishie kwenye kifua usimwagike hadi nyonga ni kuzungusha vifundo viwili vya mashine. Kusogea kutoka mita 1 hadi mita 2 kunapunguza mionzi mara nne, hadi mita 3 mara tisa, bila bajeti wala zabuni. Tunapojadili usalama wa mionzi kwenye nchi maskini, mjadala unakimbilia ukuta wa risasi na mashine mpya, vitu vya mamilioni, na kwa kuwa mamilioni hayapo, tunaondoka tumeridhika kwamba tatizo ni umaskini. Mlango unabaki wazi.

Yule mama wa kwenye benchi ananikumbusha Alice Stewart, daktari wa Oxford. Miaka ya 1950 aliona watoto wa Uingereza wanakufa kwa saratani ya damu kwa wingi usioelezeka, akapata ruzuku ya pauni 1,000, akawaulizia mama zao maswali ya kawaida kabisa. Mwaka 1956 akaanza kuchapisha: waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito, hatari kwa watoto wao ilikuwa kama mara mbili. Pauni 1,000 zilitosha kuuona ukweli. Kuukubali kulichukua miaka ya kubishana, na eksirei za wajawazito ziliendelea wakati wakubwa wakimpinga. Kusubiri uhakika nako kuna gharama, ila hailipwi na wanaosubiri.

Upande wa pili wa mizani nao upo, na wanaharakati wengine huuruka. Hofu inaua pia. Fukushima, watu zaidi ya 2,000 wa mkoa ule walihesabiwa kufa kutokana na adha za kuhamishwa na maisha ya uhamishoni, wengi wao wazee waliotolewa kwenye vitanda vya hospitali na majumba ya kulelea. Hapohapo serikali ilipotumia milisiverti 20 kwa mwaka kama kipimo cha viwanja vya shule, mshauri wake Toshiso Kosako alijiuzulu Aprili 2011 huku akilia mbele ya kamera. Alikuwa sahihi, na wazee wale nao walikuwa wamekufa kweli. Anayekwambia jambo hili ni jepesi hajaliangalia.

Nyumbani kwetu hofu ina sura ya barabara. Mgonjwa wa saratani wa Mtwara anayehitaji tiba ya mionzi anasafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli, malazi, ndugu wa kumsindikiza, miti ya korosho isiyopaliliwa. Ukiweka masharti makali kiasi kwamba mikoa haiwezi kuwa na mashine, umemkinga mtu wa Lindi na milisiverti na kumwachia uvimbe. Kwa hiyo sitaki viwango vya peponi. Nataka vile vya chini vifanyike kweli.

Halafu kuna gesi. Tumeimbiwa gesi tangu Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, tukapata bomba la Dar es Salaam mwaka 2015, baada ya vurugu za 2013 ambazo kila mwenyeji wa hapa ana lake la kusimulia. Katika kelele zote zile sikumbuki mtu aliyetaja kwamba gesi asilia popote duniani hupanda na radoni, gesi yenye mionzi, na kwamba baada ya miaka ya kazi mabomba na matangi yanaweza kujenga utando wenye risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi, au magamba yenye radiamu, nayo ya mionzi, kule yanakopita maji ya kisimani. Viwanda vya gesi duniani vinalijua hilo tangu miaka ya 1980 na vina taratibu zake. Bomba likiwa zima halimdhuru mpita njia. Shida huanza likishakuwa chuma chakavu.

Na vyuma chakavu ndiyo biashara inayokua hapa mjini kuliko zote, mikokoteni inaanza kupita alfajiri. Goiânia, Brazili, Septemba 1987: kliniki ya tiba ya mionzi ilihama ikaacha mashine kwenye jengo bovu. Watafuta vyuma wakaing'oa, wakamuuzia mwenye yadi. Ndani kulikuwa na unga wa seziamu-137 unaong'aa buluu gizani, akauleta nyumbani, ndugu na majirani wakagawana kama pambo. Mtoto wa miaka 6, Leide das Neves, alikula akiwa na unga huo mikononi. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, zaidi ya 110,000 wakapangwa uwanjani kupimwa, nyumba zikabomolewa. Yote hayo kwa sababu gharama ya kuondoa mashine moja kwa utaratibu ilionekana inaweza kusubiri.

Nilimwonyesha mnunuzi mmoja wa vyuma, jirani yangu Magomeni ya hapa Mtwara, picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ile alama ya kawaida ya mionzi, mabawa matatu meusi kwenye njano. "Feni," akasema, bila kusita. Ya pili ni alama nyekundu iliyotolewa na IAEA mwaka 2007, baada ya kujaribiwa kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo: mawimbi, fuvu, na mtu anakimbia. "Hii ya kifo. Hapa unatoka mbio." Nikamweleza kwamba mzigo wenyewe huwa ndani ya chombo kizito kupita ukubwa wake, mara nyingi cha risasi. Macho yakamwangaza kidogo, kwa sababu risasi kwa kilo inalipa kuliko chuma. Nikaona nimeharibu, nikaongeza habari za Goiânia, akasikiliza hadi mwisho akiwa ameshika ndoano ya mizani.

Kisha akauliza swali ambalo ningependa lijibiwe kwenye kanuni kabla halijaulizwa na mwingine mwenye mzigo wenyewe mkononi: "Nikiupata nikapiga simu, wakaja wakauchukua, kilo zangu nalipwa?"

Mimi ningemlipa. Bei ya risasi, na nauli ya mkokoteni juu yake.